Je, Wajua? Chumvi Ndiyo Hakimu wa Ghala

Je, wajua kwa nini chumvi hugandamana mkebeni miezi ya mvua, na ikifika Januari ikamiminika tena kama mchanga? Haijaharibika. Chumvi ya jikoni ina mpaka wake: hewa ikishabeba zaidi ya asilimia 75 ya maji inayoweza kubeba, chumvi huanza kuyanywa, ikalowa, na mwishowe ikayeyukia ndani ya maji iliyojivutia yenyewe. Hewa ikiwa chini ya hapo, hukaa kavu.

Kwa watu wa Kitale, Bungoma na Suam, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambao jasho la mwaka mzima hulala ndani ya magunia, namba hiyo ina uzito wa pekee. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 15 hivi huifanya hewa iliyo katikati ya punje zake ifike palepale, 75. Kwa hiyo ukifungia mahindi na chumvi ndani ya chupa moja, chumvi itakueleza habari ambayo macho hayaioni.

Chupa ya soda inatosha, mradi imekauka sawasawa. Jaza mahindi mpaka theluthi yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyoanikwa juani ikakauka, ifunge, itikise dakika mbili, kisha iache itulie robo saa. Sasa iinue kwenye mwanga. Kama chembe zimeng'ang'ania ukutani mwa glasi kama umande, mahindi yamepita 15 na yarudi kwenye turubai. Kama zote zimeanguka chini na glasi imebaki safi, umevuka kizingiti cha kwanza. Nasema cha kwanza kwa sababu kiwango kinachokubalika Afrika Mashariki, na ambacho Bodi ya Nafaka na Mazao hudai unapofikisha mzigo, ni 13.5. Mahindi yaliyofaulu mbele ya chumvi huenda bado yanadai jua la siku mbili tatu.

Wanunuzi wazoefu hawabebi chupa. Huzamisha mkono ndani ya gunia mpaka kiwiko, hung'ata punje moja, kisha humwaga nyingine kwenye gorogoro na kusikiliza. Mahindi makavu hulia kama kokoto, na mabichi hulia kama matone mazito.

Je, wajua kwamba wenye kuhifadhi mvinyo majumbani hutumia hakimu huyohuyo? Huchukua kijiko cha chumvi, huidondoshea maji kidogo iwe kama uji mzito, na kuifungia pamoja na kipima unyevu ndani ya mfuko usiopitisha hewa. Baada ya saa kadhaa kipimo chenye afya lazima kisome 75. Kikisoma vingine, ni kipimo kilichokosea, maana chumvi haikosei. Tofauti ni kwamba mvinyo hutaka hewa yenye maji: asilimia 60 hadi 75, na ubaridi wa nyuzi 12 au 13. Hewa ikikauka mno, kizibo cha gome la mwaloni husinyaa, upepo ukapenya, na mvinyo ukageuka siki. Ndiyo maana chupa hulazwa, kizibo kibaki kimelowa. Hewa ikizidi maji, ukungu huvamia vizibo na karatasi za majina. Mjini Reims, Ufaransa, watengenezaji wa shampeni hulaza chupa ndani ya mashimo ya chokaa yaliyochimbwa zamani na watu waliokuwa wakitafuta mawe ya kujengea. Hewa inayoituliza chupa huko chini ndiyo ambayo ingeyaweka mahindi yetu ukingoni mwa kuoza. Kwa hiyo ukiletewa chupa ya zabibu za Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, ilaze kabatini penye giza na ubaridi, lakini usitafute chumba kimoja cha kuifaa hiyo chupa pamoja na magunia.

Na sisi tuna mashimo yetu. Juu ya Suam, ubavuni mwa Mlima Elgon, yako mapango ya Kitum, Makingeni na Chepnyalil. Kitum huingia mlimani kiasi cha mita 200. Ndovu huyaingia usiku, wakipapasa njia kwa mikonga ndani ya giza totoro, na kuchokoa ukuta kwa pembe wakitafuta chumvichumvi ya mwamba ule wa majivu ya volkeno. Si chumvi ya mezani. Iliyo nyingi ni ya salfeti. Mskochi Joseph Thomson alipofika Elgon mwishoni mwa 1883, alishangazwa na ukubwa wa mapango hata akadhani ni kazi ya Wamisri wa kale. Wenyeji wa Elgon, mababu wa Wasabaot wa leo, hawakuhitaji Wamisri. Walikuwa wakiishi mle mle, vibanda, ng'ombe na mbuzi humo ndani, miti imesimikwa mlangoni kuzuia wavamizi, na mifugo ikila udongo wa chumvi ileile wanayoifuata ndovu.

Nimesimama mlangoni pa Makingeni wakati wa mvua, pale maji yanapodondoka mbele ya mdomo wa pango kama pazia, nikajiuliza ni nani angethubutu kuweka nafaka mahali kama hapo. Jibu liko kwenye masizi. Mapango yaliyokaliwa na watu yana dari nyeusi kwa moshi wa mioto ya vizazi. Moto huipasha hewa ikawa na kiu ya maji, na moshi huwachukiza wadudu. Akina kukhu, yaani nyanya zetu, wa Bungoma walijua hivyo hivyo: mbegu ya msimu ujao ilining'inizwa juu ya meko, magunzi na maganda yake, ikawa nyeusi kwa nje na salama kwa ndani. Kwa maoni yangu, meko yale yalikuwa ghala bora kuliko vyumba vingi vya matofali tunavyojivunia leo.

Je, wajua kwamba sakafu ya saruji hunywa maji? Ina vinyweleo vyembamba kama vya utambi, navyo huyavuta maji ya ardhini kuelekea juu polepole, mchana na usiku, hata kama paa halivuji tone. Nyumbani kwetu, upande wa Kimilili, tulipanga magunia kumi na mawili moja kwa moja sakafuni, yakiegemea ukuta. Yalikuwa makavu siku tuliyoyaingiza. Mwezi wa tatu mama aliinua gunia la chini kabisa na kitako chake kikabaki sakafuni, kimeoza na kushikamana kama keki, rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano. Akaniita: "Njoo unuse hapa, mwanangu." Harufu ile ya udongo wa kale sijaisahau. Tangu hapo magunia yetu hulala juu ya mbao, kiasi cha shubiri moja kutoka chini, na kati ya gunia na ukuta mtu mzima hupita kwa ubavu.

Hesabu ya maji yenyewe hutisha ukiifanya. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20, ukilikausha hadi 13.5, hupoteza karibu lita 7 za maji. Magunia kumi ni lita 70, zaidi ya mitungi mitatu ya lita ishirini. Maji hayo yasipotokea juani, yatatokea ghalani, usiku, chini ya bati lililopoa, yakidondokea mzigo. Na wakulima wa Trans Nzoia hukausha wakikimbizana na mawingu, kwa sababu mahindi yao hukaa shambani muda mrefu. Ukoo wake una safari: aina ya H611, iliyotolewa Kitale mwaka 1964, ilizaliwa kwa kuchanganya mbegu ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ekwado, Amerika Kusini. Yalipenda baridi ya nyanda za juu, yakazaa sana, lakini hayana haraka.

Punje iliyovunwa bado ni kiumbe hai. Huvuta pumzi na kutoa joto na maji, kidogo tu ikiwa kavu, nyingi ikiwa mbichi. Fukusi naye huvuta pumzi. Jike hutoboa punje, hutaga yai moja, kisha huziba tundu kwa ute wake, na wanawe wakishakuwa maelfu hulitia gunia joto unaloweza kulihisi kwa kiganja. Yule mdudu mwingine, dumuzi, ambaye Wakenya walimbandika jina la Osama, aliingia Afrika Mashariki kutoka Amerika miaka ya 1970 na kuyageuza mahindi unga kabla hayajafika kinuni. Mifuko isiyopitisha hewa, yenye nailoni mbili ndani ya gunia moja, huwaua wote kwa kuwanyima pumzi. Ilibuniwa kwa ajili ya kunde za Kameruni miaka ya 1980. Ila mfuko huo haukaushi kitu. Ukiufunga na mahindi mabichi, umeyafungia pamoja na maji yake.

Kinachofuata maji ni kuvu, na kuvu mmoja ana sumu. Mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza bila sababu kujulikana, hadi chakula chao cha mashudu ya karanga kilipopimwa. Kuvu aliyekutwa aliitwa Aspergillus flavus, na jina lake likakatwakatwa kupata neno aflatoksini, ambayo wengine huiita sumukuvu. Haina rangi wala ladha, na moto wa kusonga ugali hauiondoi. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, mengi yakiwa majumbani mwao wenyewe.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo. Siku chache baadaye mpaka ulifunguliwa kwa masharti, na mojawapo lilikuwa kwamba sumu isizidi sehemu 10 katika kila bilioni. Namba hiyo haishikiki mkononi mpaka uipime kwa gunia. Katika kilo 90 za mahindi yanayovuka daraja la Suam, kiasi kinachoruhusiwa hakifiki miligramu moja. Mimina chumvi kidogo kiganjani na uhesabu chembe kumi na tano. Uzito wake ni huo.