Nyuzi za Injili Katika Bonde la Ufa (Sehemu ya Pili)

Bendi ya injili ya mtindo wa blugrasi ni kundi dogo la waimbaji wanaojipigia wenyewe gitaa, banjo, mandolini, fidla na besi ya kusimama, bila ngoma wala kinanda cha umeme, huku sauti zao zikipangwa kwa ngazi tatu au nne. Mtindo huo ulichukua jina la Blue Grass Boys, kundi la Bill Monroe, mzaliwa wa Kentucky, aliyejiunga na kipindi cha redio cha Grand Ole Opry mjini Nashville mwaka 1939, nao ukapata sura inayojulikana leo Earl Scruggs alipoingia katika kundi hilo mwishoni mwa mwaka 1945 na banjo aliyoipiga kwa vidole vitatu. Marafiki wa Nakuru wanaokusudia kuunda bendi ya namna hiyo huenda wakaambiwa kwamba wanaiga jambo geni, lakini ushahidi uliohifadhiwa tangu zaidi ya miaka 70 iliyopita unaonyesha kwamba masikio ya Bonde la Ufa yalikwisha kuizoea sauti hiyo kabla wao hawajazaliwa.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika ambaye miaka minne baadaye alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika nchini Afrika Kusini, alirekodi huko Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, nyimbo tatu zilizoitwa kwa jina moja la Chemirocha. Aliyeitwa hivyo ni Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyefanya kazi ya reli kabla ya kurekodi mara ya kwanza mjini Bristol mwaka 1927, na ambaye sahani zake za santuri zilifika kwa Wakipsigis ingawa mwenyewe alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1933 bila kuikanyaga Afrika Mashariki. Katika rekodi ya tatu, iliyo maarufu kuliko zote, wasichana wanamwimba mgeni huyo kwa kufuatana na chepkong'o, kinubi cha Wakipsigis, na Tracey aliandika kwamba walimdhania kiumbe aliye nusu mtu na nusu paa. Maelezo hayo ya Tracey yamependwa mno na watu wa mbali, pengine kwa sababu yanachekesha. Jambo lenye uzito zaidi kwa mwanamuziki ni kwamba waimbaji hao hawakumwiga Rodgers hata kidogo, bali walimchukua na kumtia ndani ya mwendo wa kinubi chao. Inafaa kukumbuka pia kwamba wimbo ambao Monroe alijitambulishia katika Grand Ole Opry mwaka 1939 ulikuwa wa Rodgers huyohuyo, hivyo Kentucky na Kapkatet zilikunywa katika kisima kimoja.

Upande wa injili, njia ilikuwa fupi zaidi. Misheni ya Africa Inland Mission, iliyokuwa na wamisionari wengi wa Kimarekani, ilihamishia makao yake Kijabe, kwenye ukingo wa Bonde, mwaka 1903, nayo ilieneza nyimbo za mikutano ya uamsho ya karne ya 19. Tungo za Fanny Crosby, mshairi kipofu wa New York aliyefariki mwaka 1915, zimo katika Tenzi za Rohoni na huimbwa pia na makundi ya blugrasi. Katika mji kama Nakuru, uliokua tangu reli ilipofika mwaka 1900 na kukusanya watu wa lugha nyingi, kitabu hicho cha Kiswahili huwapa marafiki waliolelewa katika makanisa na lugha mbalimbali hazina moja ya nyimbo ambazo kila mmoja anazijua kwa moyo.

Vyombo vina taabu yake. Gitaa si tatizo, kwa kuwa upigaji wa vidole uliosambazwa na Jean-Bosco Mwenda wa Katanga na George Mukabi wa magharibi ya Kenya, ambapo kidole gumba hushika besi na cha shahada huchora wimbo, una undugu wa karibu na upigaji wa milima ya Marekani. Na huko Kericho kampuni ya Chandarana ilitoa sahani nyingi za magitaa ya Wakalenjin, zikiwemo za mwanamuziki Kipchamba. Banjo na mandolini ndizo adimu. Kazi ya mandolini, ambayo ni kukata noti kavu kwenye pigo dogo ili kuziba pengo la ngoma, yaweza kufanywa na gitaa la pili lililobanwa juu shingoni. Chepkong'o, kilichowambwa ngozi kama banjo, kinavutia kushika nafasi ya chombo hicho, lakini nyuzi zake chache haziwezi kufuata kila badiliko la noti za tenzi. Afadhali kiwekwe sawa na noti kuu za wimbo mmoja, kisha kinyamaze pale wimbo unapogeuka.

Ugumu mkubwa, hata hivyo, umo katika sauti. Kitabu cha kwaya huweka wimbo mkuu kwa soprano, ilhali katika kundi la wanaume la blugrasi wimbo huo hushushwa oktava moja, yaani hadi noti ya nane chini yake, na kupewa kiongozi. Tenori hubaki palepale ilipoandikwa na hivyo mara nyingi hujikuta juu ya kiongozi, alto hushushwa oktava na kuwa baritoni chini yake, na besi haihami. Kijana aliyezoea kuimba tenori akiwa amefichwa katikati ya kwaya ya watu 40 hushtuka anaposikia sauti yake iko kileleni, wazi kabisa, hasa kwa kuwa kundi la Monroe lilipoimba injili kwa sauti nne lilizoea kubakiza gitaa na mandolini tu. Baritoni ndiye hupatikana kwa shida, kwa maana sehemu yake peke yake haionekani kuwa wimbo, na anayeikubali hulazimika kujifunza kwa kuwasikiliza wenzake watatu badala ya kujisikiliza mwenyewe.