Risasi ya Kumlenga Tumbili
Mkulima wa Goba mwenye leseni ya bunduki, ambaye mahindi yake huliwa na tumbili, aweza kudhani kwamba risasi ikiwa ndogo, na nguvu yake ni ndogo. Na tupige hesabu. Risasi ya kawaida ya kipenyo cha inchi 0.22 ina gramu 2.6, nayo hutoka mtutuni kwa mwendo wa meta 330 hivi kwa sekunde: nishati yake yakaribia jouli 140. Ile ya inchi 0.17 iliyotolewa Marekani mwaka 2002 ina gramu 1.1 tu, lakini mwendo wake ni meta 775. Hizo ni jouli 330! Sababu ni kwamba katika kanuni ya nishati, mwendo huzidishwa kwa wenyewe. (Wanafunzi wahakikishe.)

Ajabu ni kuwa hii yenye nguvu ndiyo nafuu karibu na nyumba: igongapo ardhi, mara nyingi hupasuka vipande vipande, hali ile nzito na ya polepole huweza kudunda na kwenda upande usiotazamiwa.

Walakini tumbili hukaa juu ya mwembe. Nyuma yake hakuna ardhi ya kuipokea risasi iliyokosa. Kuna anga, kisha mabati ya jirani, na risasi ya inchi 0.22 yaweza kufika kilometa 1.5. Kwa Goba ya leo, mimi ningefuga mbwa.