Uuguzi wa mama mwenye kifafa cha mimba (3): Kabla ya sindano inayofuata

Sehemu mbili zilizotangulia zilihusu kliniki: kupima presha, kupima protini kwenye mkojo, na kumtambua mapema mama ambaye presha yake imefika 140/90 baada ya wiki ya 20 ya ujauzito. Leo tumeingia wodi ya wazazi. Mama ameletwa na presha ya 170/115, kichwa kinampasuka, macho yanaona nyotanyota, au tayari ameanguka kifafa njiani. Daktari ameandika magneziamu salfeti kwenye faili, kisha ameitwa chumba cha upasuaji. Kuanzia hapo mgonjwa yumo mikononi mwa muuguzi.

Juu ya uwezo wa dawa hii hakuna ubishi tena. Mwaka 1995 utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa, kwa wanawake wapatao 1,700 wenye kifafa cha mimba, ulionyesha kwamba inazuia kifafa kurudi kuliko dayazepamu na fenitoini. Mwaka 2002 ukafuata utafiti uitwao Magpie, wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33. Huo ulionyesha kuwa mama mwenye presha ya mimba na protini kwenye mkojo, akipewa dawa hii kabla hajaanguka, uwezekano wa kupata kifafa hupungua kwa zaidi ya nusu. Lakini iko takwimu nyingine ambayo wanafunzi wa uuguzi wangepaswa kuisikia kabla ya hizo. Hospitali ya Parkland mjini Dallas, Marekani, ambako Dkt. Jack Pritchard alitengeneza utaratibu wa sindano za makalioni unaofuatwa mpaka leo, ilitoa mwaka 1984 taarifa ya wagonjwa 245. Alifariki mama mmoja tu, na kilichomuua ni wingi wa dawa ile ile iliyowaokoa wenzake.

Sababu yake inaeleweka. Magneziamu hutuliza mishipa ya fahamu na kulegeza misuli, na hutoka mwilini kwa njia ya mkojo. Figo za mama huyu mara nyingi zimeshaguswa na ugonjwa. Zikilegea, dawa inarundikana kwenye damu. Ikirundikana inakwenda kwa hatua. Kwanza goti likigongwa haliruki. Kisha pumzi zinapungua. Mwisho moyo unasimama. Goti linatangulia kutoa taarifa, na muuguzi anayelijua hilo ana muda wa kuokoa maisha.

Ndiyo maana agizo la gramu 5 kila baada ya saa 4 lina masharti, hata kama daktari hakuyaandika. Pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liruke, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa kwa saa 4 zilizopita. Sharti moja likikosekana, dozi inasubiri.

Kuhesabu pumzi kunadharauliwa kuliko kipimo kingine chochote. Fungua faili la usiku katika wodi yenye kazi nyingi, utakuta wagonjwa wote wanapumua mara 20, saa baada ya saa. Pumzi huhesabiwa dakika nzima, saa ikiwa mbele ya macho. Mgonjwa akijua anahesabiwa hubadilisha upumuaji wake, kwa hiyo muuguzi mzoefu hushika kifundo cha mkono kana kwamba anahesabu mapigo, huku macho yake yako kifuani. Najua muuguzi mmoja huachiwa wodi nzima usiku, na ni dhuluma kwake na kwa wagonjwa. Hata hivyo nafasi iliyoachwa wazi ni afadhali, maana anayepokea zamu ataiona na kuuliza. Namba ya kubuni inamfumba macho.

Goti nalo linahitaji akili. Mama aliyejifungua kwa upasuaji chini ya ganzi ya mgongoni hatarusha mguu, na hilo halina uhusiano na magneziamu. Asiyejua atamnyima dawa bure, au atazoea kwamba goti kutoruka ni jambo la kawaida. Anayejua atagonga kano ya ndani ya kiwiko.

Dozi ikizuiliwa, taarifa itoke mara moja, na itoke kwa namba: “Daktari, mama wa kitanda cha nne anapumua mara 12, goti haliruki, mkojo ni mililita 70 tangu saa mbili usiku. Dozi ya saa sita sijampa. Kalsiamu iko hapa kitandani, naomba uje.” Kalsiamu glukonati, gramu 1 katika mililita 10, ndiyo dawa ya kuondoa sumu hii. Iwekwe kando ya mgonjwa kabla ya sindano ya kwanza. Ikiwa imefungiwa kabatini na ufunguo anao mtu aliyekwenda nyumbani, ni sawa na kutokuwapo.

Hatari nyingine iko kwenye hesabu. Daktari anaandika gramu, bomba la sindano linapima mililita. Kichupa cha asilimia 50 kina gramu 5 katika mililita 10, na hakifai kusukumwa mshipani kilivyo. Kwa dozi ya kwanza ya gramu 4 huvutwa mililita 8, zikaongezwa mililita 12 za maji ya sindano, zikapata 20, kisha zikasukumwa taratibu kwa dakika zisizopungua 5. Halafu gramu 5 kila kalio, pamoja na mililita 1 ya lignokeini ya asilimia 2. Vichupa vya nguvu tofauti vipo, hivyo lebo isomwe kwa sauti mbele ya mwenzako, hata ikibidi kumwita mkunga wa wodi jirani.

Na mama mwenyewe aelezwe. Kabla ya kusukuma dawa: “Mama, utasikia joto kali usoni na kifuani, litapita. Usiutoe mkono.” Asiyeambiwa hushtuka akachomoa sindano.

Siku ya kuruhusiwa, maelezo yamkute pamoja na mume au mama mkwe, kwa kuwa wao ndio watakaoamua usafiri usiku. Kifafa cha mimba huweza kuja hata baada ya kujifungua. Kichwa kisichopoa kwa panadoli, macho kuona ukungu, au maumivu chini ya mbavu upande wa kulia ni dalili za kurudi hospitali siku hiyo hiyo, na vidonge vya presha visiachwe kwa sababu kichwa kimetulia. Muuguzi asiulize “Umeelewa?”, kwa kuwa kila mtu atajibu ndiyo. Aseme: “Hebu nieleze, ukifika nyumbani kichwa kikaanza kuuma utafanya nini?” Asikilize, asahihishe. Walio naye wajue kwamba akianguka alazwe ubavu wa kushoto, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni, na aletwe hospitali kwanza. Wenye kuamini ni mapepo wasikemewe. Waombe wakiwa safarini.