Siku Nne za Msiba, na Tarehe 20 Inakuja

Mwezi huu nataka tuzungumze habari za mama mmoja aliyefiwa na mume, akarudi kazini kabla machozi hayajakauka. Jina lake silitaji. Ameniruhusu kuandika haya kwa sharti hilo.

Mama huyu ni mhasibu wa kodi Bariadi mjini. Tunapomwona amevaa vizuri, amekaa kivulini, tunasema ana nafuu kuliko sisi tunaopalilia pamba. Kumbe mhasibu wa kodi anaishi kwa tarehe. Tarehe 7 ya kila mwezi kodi ya mishahara ya wafanyakazi iwe imekwisha kulipwa. Tarehe 20 ni ritani ya Kodi ya Ongezeko la Thamani. Kwa biashara zinazofunga mahesabu Desemba, kuna malipo ya awamu kila mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na tena Juni 30 ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka ritani ya mwaka uliopita. Mteja akichelewa hutozwa adhabu na riba, na anayegombezwa ni mhasibu. Huku kwetu Juni ni msimu wa kununua pamba pia, basi wafanyabiashara wanamjia na mifuko ya risiti kwa pamoja.

Mumewe alifariki mwanzoni mwa Juni, baada ya kuugua siku chache. Tulimzika hapa Kimali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa aliyefiwa na mwenzi wake likizo ya angalau siku 4 yenye malipo. Sheria inasema "angalau", lakini ofisini kwake walisoma 4 tu. Siku ya tano alikuwa mezani kwake.

Hapa nakiri kosa letu. Jumapili alipokuja kanisani amenyooka, hana chozi, tulimzunguka tukimsifu. "Mama jasiri! Bwana amemtia nguvu!" Hakuna aliyemwuliza kama analala. Mimi muuguzi wa zaidi ya miaka 20 nilikuwa miongoni mwa waliopiga vigelegele.

Katikati ya Julai alikuja kumwona mama mkwe wake, akapita kwangu kuomba dawa ya kichwa. Nilimpima presha: 182 kwa 114. Nikamkalisha kimya robo saa, nikapima tena: 178 kwa 110. Nilimwuliza kama ana maumivu ya kifua, kama anaona ukungu, kama mkono au mguu mmoja umelegea. Hapana. Namshukuru Mungu kwa hiyo hapana.

"Vidonge vyako unameza?" Maana nilijua presha ilimwanza katika mimba ya mwisho, na haikuondoka.

"Dada, viko kwenye droo ya chumbani. Tangu mazishi chumba kile siingii. Nalala na watoto."

Mwenzangu, jibu lile lilinikata maini. Nilidhani ataniambia amesahau au hana fedha, sababu tulizozizoea zahanati.

Tukahesabu saa zake. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 3 usiku, siku 6: zaidi ya saa 80 kwa wiki. Sheria ile ile inaweka saa za kawaida 45. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yuko katika hatari ya kupata kiharusi kwa asilimia 35 zaidi ya yule wa saa 35 hadi 40. Nayo huzuni yenyewe inaumiza moyo, wala si maneno ya wazee tu. Mwaka 1990 madaktari wa Japani waliandika juu ya moyo unaolegea ghafula baada ya mshtuko na kubadilika umbo, ukafanana na chungu chao cha kutegea pweza. Wengi wanaopatwa ni wanawake waliokoma hedhi.

Nilimwambia apunguze kazi. Akaniangalia kama mtoto. "Ada ya shule nani atalipa? Na nikikaa bure, nitamwona yeye. Hesabu hazinipi pole, dada. Ndiyo maana nazipenda." Sikuwa na jibu la haraka, na nadhani mwenye jibu la haraka kwa mjane angenyamaza kwanza. Nilimpeleka kwa daktari siku ile ile, akaanzishiwa dawa upya. Vidonge sasa viko jikoni, karibu na majani ya chai.

Yaliyofuata yalikuwa madogo madogo. Aliomba sehemu ya likizo yake ya mwaka, ambayo kisheria ni siku 28, akaichukua Agosti baada ya tarehe 20. Wiki ya kwanza alilala tu. Eliya naye, chini ya mretemu, alipewa usingizi, mkate na maji kabla ya kuulizwa neno lolote. Wiki ya pili akalia, siku tatu mfululizo, mama mkwe wake akaniita kwa hofu. Nilimwambia amwache alie, ampelekee uji.

Sisi wa kanisani tuliacha vigelegele, tukapanga zamu. Siku za tarehe ngumu mama mmoja anasafiri kwenda Bariadi, anapika, anasimamia masomo ya watoto, na anauliza kama kidonge kimemezwa.

Septemba 21 nilimpima: 138 kwa 86. Aliniambia ameingia chumbani, akafungua kabati la mashati ya marehemu, akalifunga tena. Hajagawa hata moja, nami sikumhimiza.

Septemba 30 inakaribia. Mwenzake ofisini amekubali kumchukulia wateja 6. Jioni hiyo zamu ya kupika ni yangu.