Fahamu: Kwa nini video ya HD inakwama kwenye kompyuta yako

Sauti inaendelea, picha imeganda, feni inavuma. Wengi hukimbilia kuongeza RAM, na mara nyingi wanapoteza pesa bure. Kinachosumbua ni jinsi faili lilivyobanwa.

Siku hizi kuna video nyingi zinazobanwa kwa H.265, mfumo uliotoka mwaka 2013. Faili huwa dogo, lakini kulifumua ni kazi nzito. Mtangulizi wake, H.264 wa mwaka 2003, ni mwepesi zaidi, na hata kompyuta nyingi za zamani zina sakiti maalumu ya kuufumua. Sakiti kamili ya H.265 iliingia kwenye chipu za kawaida za Intel katika kizazi cha sita, mwaka 2015. Video za H.265 za rangi ya biti 10 zilisubiri kizazi cha saba. Kompyuta ikikosa sakiti hiyo, prosesa hubeba mzigo wote.

Ndani ya programu ya video ya VLC bonyeza Ctrl na J uone kodeki, yaani mfumo uliotumika kubana faili. Ukikuta H.265, ligeuze faili kwa programu ya HandBrake liwe H.264 ya 720p, uiache mashine ifanye kazi usiku kucha. Laptopu nyingi za bei nafuu zina skrini ya 1366 kwa 768, kwa hiyo ubora wa 1080p unaoung'ang'ania huuoni.