South Georgia: kisiwa ambako panya mumoja anaweza kuharibu kazi ya miaka mingi

Mugeni anayefika South Georgia, katika bahari ya Atlantique ya kusini, hakanyagi inchi kavu mbele ya viatu vyake kuchunguzwa. Nguo na mifuko vinaangaliwa pia, ili kutafuta mbegu, udongo na vidudu. Anayekutwa na uchafu anapaswa kusafisha kwanza.

Kisiwa hicho, chenye urefu wa kilometa karibu 170, kinaongozwa na Uingereza, lakini Argentina nayo inadai ni chake. Hakina wenyeji wa kudumu. Wanaokaa pale ni wakubwa wachache wa serikali na watafiti, zaidi kwenye kituo cha King Edward Point. Wengine wote ni wanyama: mamilioni ya ndege wa bahari, pengwini na sili.

Panya walikuja na mashua

Ukali huo uko na sababu. Kuanzia mwisho wa karne ya 18, wawindaji wa sili, na kisha wawindaji wa nyangumi, walileta panya bila kukusudia. Kisiwa hakina miti, kwa hiyo ndege wengi wanataga chini ao ndani ya mashimo. Panya walikula mayai na vitoto. Pipit wa South Georgia, ndege mudogo mwenye kuimba ambaye hapatikani mahali pengine duniani, alibakia tu kwenye visiwa vidogo vya pembeni na sehemu ambako panya hawakufika.

Kati ya mwaka wa 2011 na 2015, shirika la South Georgia Heritage Trust lilitumia helikopta kumwanga chakula chenye sumu kwenye sehemu zote zenye panya. Ilipaswa kufanyika haraka: milima ya barafu iliyokuwa inatenganisha makundi ya panya ilikuwa inayeyuka kwa sababu ya joto kuongezeka. Kama barafu ingetoka, panya wangepita kutoka upande mumoja kwenda mwingine, na sehemu iliyosafishwa ingejaa tena.

Kisha mbwa watatu waliofundishwa kunusa panya walitembezwa kisiwani. Hawakukuta kitu. Mwezi wa tano 2018, ilitangazwa kwamba kisiwa hakina tena panya. Kazi yote iligharimu pauni karibu milioni 10, na pipit alianza kurudia sehemu alizokuwa amefukuzwa.

Sheria inasema nini

Kuwaondoa panya ni jambo moja, kuwazuia wasirudie ni lingine. Sheria ya mwaka wa 2011 juu ya wanyama na maeneo yenye kulindwa inakataza kuingiza mnyama ao mumea wa kigeni bila ruhusa, pia kuua ao kusumbua wanyama wa pale. Mizigo ya kituo inachunguzwa mbele ya kutumiwa. Katika visiwa vya Falkland, ambako mashua nyingi zinapitia, mbwa wananusa mashua mbele haijaendelea na safari.

Watalii nao wako na mipaka. Mashua yenye abiria zaidi ya 500 hairuhusiwi kushusha watu, na mahali pamoja hapashuki watu zaidi ya 100 kwa wakati mumoja. Panya jike mwenye mimba akitoroka ndani ya muzigo mumoja tu, kazi yote inaweza kuanza upya.

Adui anayeruka

Lakini kuna kitu ambacho hakuna mukaguzi anayeweza kukizuia. Mwezi wa kumi 2023, homa ya ndege aina ya H5N1 ilifika kwenye kisiwa cha Bird Island, kando ya South Georgia. Iligunduliwa kwanza kwa ndege wanaoitwa skua. Kisha ikaingia kwa sili, na wengi wakakufa.

Virusi hiyo haikupita kwenye viatu wala kwenye mizigo. Wataalamu wanaona kwamba ililetwa na ndege wanaohama. Serikali ya kisiwa ilifunga sehemu fulani kwa wageni na kukataza watu kukaa ao kuweka mifuko chini karibu na wanyama, ili wasibebe ugonjwa kutoka kundi moja mpaka lingine. Homa haikusimama kwa sababu ya hatua hizo, lakini kuna faida moja: ndege wanaopigana nayo leo hawalazimiki tena kupigana na panya kwa wakati ule ule.