Oksijeni kali mwilini: Ni sumu au mjumbe wa seli?

Na Mwandishi Wetu

KWA muda mrefu wafuatiliaji wa habari za afya wameambiwa kuwa molekuli kali za oksijeni, zinazotengenezwa mwilini seli zinapotumia hewa tunayovuta, ni sumu inayochakaza mwili na kuleta saratani. Imani hiyo huwafanya watu wengi mijini kununua vidonge vya antioksidanti, wakidhani kuwa kadiri wanavyomeza vingi ndivyo wanavyojikinga zaidi.

Hata hivyo, utafiti unaonyesha kuwa hiyo ni nusu tu ya ukweli. Molekuli hizo zikizidi huharibu jeni, lakini zikiwa kidogo mwili huzitumia kama mjumbe wa kuiarifu seli kwamba wakati wa kukua na kugawanyika umefika.

Chukua mfano wa mtu aliyejikata kisu jikoni. Damu inapoganda, hutoka protini ya kuchochea ukuaji ambayo hubisha hodi kwenye seli za jirani. Ndani ya seli, ujumbe hupokewa na protini ndogo iitwayo Ras, inayofanya kazi kama swichi ya taa: huwaka, hupitisha ujumbe, kisha hujizima.

Protini nyingine ya ukoo huohuo, Rac, huamsha kimeng'enya kinachotengeneza molekuli kali za oksijeni. Hizo hugeuka kuwa peroksidi ya hidrojeni, kemikali ileile inayotumika kuoshea vidonda.

Kazi ya peroksidi hiyo ni kulegeza breki. Seli ina vimeng'enya vinavyozuia ujumbe wa kukua usiendelee bila kikomo. Peroksidi huvifunga kwa muda mfupi, ujumbe ukapita na seli ikagawanyika. Baadaye peroksidi huondolewa na breki hurudi mahali pake.

Mwaka 1995, watafiti nchini Marekani walionyesha jambo hilo kwa kutumia seli za misuli ya mishipa ya damu. Walipoziongezea kimeng'enya kinachovunja peroksidi, ujumbe wa kukua ulififia.

Hatari huanza swichi inapokwama ikiwa imewaka. Mwaka 1982 iligundulika kuwa katika seli za saratani ya kibofu cha mkojo, kiungo kimoja tu kati ya 189 vinavyounda protini ya Ras kilikuwa kimebadilika. Leo inakadiriwa kuwa takriban saratani moja kati ya kila tano ina Ras iliyoharibika kwa namna hiyo. Mwaka 1997, utafiti mwingine ulionyesha kuwa seli zenye Ras iliyokwama huzalisha oksijeni kali kwa wingi, na zikitiwa antioksidanti kwenye maabara kasi yake ya kugawanyika hupungua.

Je, basi vidonge ndiyo dawa? Majaribio kwa binadamu yalitoa jibu lisilotarajiwa. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara 29,133 walishiriki katika jaribio ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 1994. Waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Jaribio kama hilo nchini Marekani lilisitishwa mwaka 1996 kabla ya muda wake, baada ya ongezeko la asilimia 28.

Sababu moja inayotajwa ni kwamba seli ya saratani nayo huhitaji kinga. Mwaka 2014, watafiti wa Sweden waliwapa vitamini E panya wenye uvimbe wa mapafu uliosababishwa na Ras, na uvimbe ukakua haraka zaidi. Oksijeni kali ilipopungua, seli hizo zilipata madhara machache, na protini ya p53, ambayo ni mlinzi wa mwili dhidi ya saratani, haikuamshwa ipasavyo.

Ndiyo maana wataalamu sasa huielekea swichi yenyewe. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha sotorasib, dawa ya kwanza inayoifunga aina moja ya Ras iliyoharibika katika saratani ya mapafu.

Kwa msomaji, funzo ni kwamba matunda na mboga havina mbadala wa kidonge. Anayevuta sigara atajikinga kwa kuiacha, si kwa kumeza beta-karotini, na anayetibiwa saratani amweleze daktari wake kila kidonge anachokusudia kutumia.